Kuni, Makaa na Mafuta Mazito: Historia ya Kubadili Nishati kwenye Njia ya Moshi

Injini inayochoma kitu ili itembee hutengenezwa kwa kufuata kile itakachochoma. Ukubwa wa tanuri, upana wa mabomba ya moshi, tundu la nozeli, joto la mafuta yanapoingia kwenye silinda, hata mpira unaoziba maungio, vyote hupimwa kwa aina moja ya mafuta. Mafuta yakibadilishwa, chuma hubaki kilekile. Kinachofuata mainjinia wa meli wanakijua vizuri: tope linaziba filta, pampu inakwama, moto unazimika chombo kikiwa katikati ya safari. Reli ya Tanga hadi Moshi, iliyopanda kutoka usawa wa bahari hadi takriban mita 800 chini ya Mlima Kilimanjaro, imeyapitia mabadiliko ya namna hiyo tangu enzi ya Wajerumani. Historia yake haiwezi kutenganishwa na ya meli, kwa sababu kila nishati iliyofika Moshi kutoka nje ilipitia bandarini, na kila mara bandari ndiyo iliyoamua injini za bara zile nini.

Ujenzi wa reli hiyo ulianza Tanga mwaka 1893 na ukaenda kwa kusuasua. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na hatimaye Moshi mwaka 1911, umbali wa kilomita 352. Mji wenyewe ulihama kuifuata. Moshi ya zamani ilikuwa juu mlimani, na Moshi mpya ikaota palipoishia reli. Vichwa vya treni vililetwa kutoka Ujerumani, nchi ambayo reli zake zilitegemea makaa ya mawe, lakini huku makaa hayakuwapo. Tani moja ya makaa ilibidi ivuke bahari, ishushwe Tanga, kisha ipandishwe bara na treni ambayo nayo ilihitaji kuchoma kitu. Misitu ya Usambara ilikuwa karibu na bei yake ilikuwa nguvu za watu, hivyo kuni zikawa chakula cha kawaida cha injini za njia hii.

Kuni zina tabia zake. Kilo moja ya kuni kavu hutoa joto la karibu megajuli 15, wakati makaa mazuri ya mawe hutoa kati ya 25 na 30. Maana yake ni kwamba injini ya kuni huhitaji shehena kubwa zaidi kwa safari ileile, na husimama mara nyingi zaidi kupakia. Ndiyo maana kando ya njia palikuwa na marundo ya magogo yaliyokatwa kwa urefu wa mlango wa tanuri, na vibarua waliolipwa kwa kukata na kupanga. Kuni mbichi zilikuwa balaa: sehemu ya moto huishia kukausha maji yaliyomo ndani ya mti, mvuke unashuka, na treni inashindwa kupanda. Cheche nazo zilitoka kwenye dohani na kuangukia nyasi kavu za tambarare chini ya milima ya Pare, kwa hiyo dohani ya injini ya kuni ilifungwa wavu wa kuzizuia. Wavu ukiwa mpana unaunguza mbuga, ukiwa mwembamba unaziba kwa majivu na kuua mvuto wa hewa. Fundi aliyepata kipimo cha kati alikuwa na thamani kubwa kuliko mtu yeyote kwenye karakana.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilionyesha jinsi nishati inavyoweza kuiamua vita hata mahali palipo mbali na migodi. Agosti 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa kwenye Bahari ya Hindi, ikitegemea makaa na haina bandari ya kuyapata. Waingereza walikuwa wamekwisha kununua makaa kwenye bandari za jirani ili yasimfikie adui. Tarehe 6 Agosti Königsberg iliikamata meli ya mizigo ya Uingereza City of Winchester karibu na pwani ya Omani na kupakua makaa yake. Yalikuwa makaa ya India, duni kwa meli ya aina ile. Tatizo la makaa duni ni kubwa kuliko upungufu wa joto peke yake. Majivu yake huyeyuka juu ya vyuma vya tanuri na kuganda kama mawe, yakifunga njia ya hewa, na masizi hujaa kwenye mabomba ya boila. Mtu wa kutia makaa hulazimika kuyavunja mawe hayo kwa chuma kirefu moto ukiwa unawaka, na kila mlango wa tanuri unapofunguliwa hewa baridi huingia na mvuke hushuka. Meli iliyojengwa kukimbia zaidi ya maili 20 za baharini kwa saa hupoteza silaha yake kuu kwa sababu ya kile kilichotiwa tumboni mwake.

Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus kwenye bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji na kuzingirwa huko. Ujerumani ilituma meli ya kuisaidia, Rubens, iliyojifanya meli ya Denmark kwa jina la Kronborg, ikiwa na tani zipatazo 1,600 za makaa pamoja na bunduki na risasi za jeshi la nchi kavu. Mwezi Aprili 1915 manowari ya Uingereza Hyacinth iliikimbiza hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na kuishambulia. Nahodha wa Rubens aliizamisha kwenye maji ya kina kifupi, na moto uliowaka juu yake uliwafanya Waingereza waamini kwamba shehena yote imeteketea. Baada ya wao kuondoka, bunduki na mamilioni ya risasi yaliopolewa na kukaushwa. Shehena hiyo ya silaha ililiwezesha jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani ambaye makao yake makuu yalikuwa Moshi, kuendelea kupigana. Makaa ndiyo ambayo hayakumfikia aliyekusudiwa, na bila makaa Königsberg haikutoka tena Rufiji. Iliangamizwa Julai 1915.

Mizinga yake kumi ilivuliwa ili itumike nchi kavu. Mmoja ulifungwa Kahe, kwenye njia ya reli kusini mashariki ya Moshi, na ulikuwa ukivurumisha makombora dhidi ya majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts mwezi Machi 1916, hadi Wajerumani walipoulipua wenyewe kabla ya kurudi nyuma. Hivyo manowari iliyoshindwa kwa kukosa makaa yanayoifaa ilimalizia vita kwenye tambarare za Kilimanjaro, kipande kwa kipande.

Upande wa reli, kuzingirwa kwa bandari hakukuleta msiba kama huo, kwa sababu vichwa vya treni vya Tanga na Moshi vilikuwa vimekwisha kuzoea kuni. Magari ya petroli ndiyo yaliyokwama. Wajerumani walikeneka mbata wakapata kimiminika walichokiita trebol, kikatumika badala ya petroli kwenye magari machache waliyokuwa nayo. Ni mfano wa mapema wa mafuta ya mimea kutiwa kwenye injini isiyoyajua, na ulifanikiwa kwa kiasi kwa sababu injini za wakati ule zilikuwa na nafasi kubwa kati ya vyuma na hazikudai usafi mwingi. Injini ya leo yenye nozeli za matundu membamba kama unywele isingevumilia hata siku moja. Na pale ambapo hapakuwa na injini kabisa, kama kwenye reli nyepesi ya Mombo hadi Handeni iliyotandikwa wakati wa vita, mabehewa yalisukumwa na watu. Historia ya nishati ya nchi hii haina haki ya kuwasahau watu hao.

Waingereza walileta reli yao kutoka Voi, Kenya, kupitia Taveta, waliyoijenga kijeshi tangu 1915 na kuiunganisha na Kahe baada ya kuiteka Moshi. Kuanzia miaka ya 1920 kahawa ya Kilimanjaro ilipata njia mbili za kuifikia bahari, Tanga na Mombasa, na mwaka 1929 reli ikafika Arusha. Kuni ziliendelea kutumika. Mlimani kwenyewe uhaba wa kuni ulianza kuonekana, maana watu waliongezeka na migomba na kahawa ilikuwa imechukua ardhi. Mwaka 1941 serikali ilitenga ukanda wa nusu maili chini ya hifadhi ya msitu ili wananchi wapate humo kuni na mbao.

Kabla ya hapo meli nazo zilikuwa zimeanza kubadilika. Mwaka 1912 Denmark iliingiza kazini Selandia, meli kubwa ya kwanza kuvuka bahari kuu kwa injini za dizeli na kufanikiwa kibiashara. A. P. Møller, mfanyabiashara wa meli wa hukohuko Denmark, alipata meli yake ya kwanza ya dizeli, Leise Mærsk, mwaka 1921. Mtu huyohuyo alianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya TPC huko Arusha Chini, kusini ya Moshi, ambayo ikawa shamba la miwa na kiwanda cha sukari, na ilibaki mikononi mwa Wadenmark kwa karibu nusu karne. Baharini Møller alihama kutoka makaa kwenda mafuta. Arusha Chini mantiki ilikuwa nyingine, kwa sababu kiwanda cha sukari huzaa nishati yake chenyewe: makapi ya miwa yaliyokwisha kukamuliwa hupelekwa kwenye boila. Makapi hayo yanapotoka kinuni huwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na joto lake kwa kilo ni kama nusu ya lile la kuni kavu. Boila ya kuyachoma huhitaji tanuri pana na hewa nyingi yenye moto ili yakauke yakiwa yanaanguka, kabla ya kushika. Ukiyatia kwenye tanuri la makaa yanazima moto. Ukitia makaa kwenye tanuri lake, vyuma vya chini vinaungua. Hadi leo TPC huendesha mitambo yake kwa makapi ya miwa na kuuza umeme wa ziada kwa shirika la umeme, TANESCO, na hiyo ni hekima inayostahili kusifiwa kuliko inavyosifiwa.

Mabadiliko makubwa ya reli yalikuja baada ya 1948, shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki lilipoundwa kwa kuunganisha reli za Kenya, Uganda na Tanganyika. Shirika hilo liliamua kuhamisha injini zake za mvuke kwenye mafuta mazito. Hayo ni mabaki ya chini kabisa ya mtambo wa kusafishia mafuta, yanayobaki baada ya petroli, mafuta ya taa na dizeli kutolewa. Ni meusi, ni mazito, na yakipoa hayamiminiki vizuri. Meli ndizo wateja wake wakubwa duniani, na kwa sababu yaliuzwa kwa bei nafuu bandarini, reli iliyoanzia bandarini iliyapata kwa urahisi. Fahari ya enzi hiyo ilikuwa injini 34 aina ya Garratt za daraja la 59, zilizojengwa na Beyer, Peacock huko Manchester katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya njia ya Mombasa na Nairobi. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 250, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mojawapo iliitwa Mount Kilimanjaro.

Kuigeuza injini ya kuni au makaa iwe ya mafuta mazito ni kazi inayoanzia ndani ya tanuri. Vyuma vya kukalia kuni huondolewa, na mahali pake huwekwa sinia la chuma lililojengewa matofali yanayostahimili moto. Kichomeo huwekwa chini, na mvuke wa boila hupulizwa juu ya mafuta ili uyapasue kuwa matone madogo. Ndani ya tangi hupitishwa koili ya mvuke, kwa sababu mafuta yasipopashwa hayafiki kwenye kichomeo. Hapa pana fumbo lililowasumbua mafundi kila asubuhi: mvuke unahitajika ili mafuta yawake, na mafuta yanatakiwa yawake ili mvuke upatikane. Ufumbuzi ulikuwa kuazima mvuke kutoka injini nyingine iliyokwisha kuwaka au kutoka boila ya karakana, ama kuanza na kuni hadi presha ipande. Kuni, kwa hiyo, hazikuondoka kabisa kwenye karakana hata baada ya mafuta kuingia.

Kazi ya fayamani, mtunza moto wa injini, ilibadilika kutoka ya misuli kwenda ya macho. Alikaa mkono ukiwa kwenye vali ya mafuta na kuitazama dohani. Moshi mweusi ulimwambia mafuta yamezidi hewa, na kila dakika ya moshi huo iliacha masizi kwenye mabomba. Moshi mweupe ulikuwa hatari zaidi, kwa maana moto umezimika na mafuta yanamwagika juu ya matofali yenye moto mkali, yakigeuka mvuke unaoweza kulipuka. Masizi yaliondolewa kwa namna ambayo mgeni angeishangaa. Treni ikiwa mlimani, injini ikivuta kwa nguvu zote, fayamani alichota mchanga mkavu kwa koleo dogo na kuumwaga kwenye tundu la mlango wa tanuri. Mvuto wa hewa uliunyonya mchanga huo, ukapita kwenye mabomba yote ukiyasugua, na dohani ikatema wingu jeusi tititi. Kwa dakika chache boila ilirudi kuwa nyepesi kupokea joto.

Boila zenyewe ziliumia. Moto wa kuni ni laini na husambaa. Moto wa mafuta ni mkali na hulenga sehemu moja, tena unaweza kuzimwa ghafla kwa kufunga vali. Vyuma vya tanuri vilivyopanuka kwa joto vilikutana na hewa baridi, vikajikunja, na baada ya miezi maungio ya mabomba yakaanza kuvuja na sahani kupata nyufa. Injini zilizozaliwa kwa mafuta zilijengwa kwa kulizingatia hilo. Zile zilizobadilishwa ukubwani ndizo zilizojaza karakana.

Kulikuwa pia na tatizo la mafuta kutopatana na mafuta mengine. Mtambo wa kusafishia mafuta wa Mombasa ulianza kazi mwaka 1963, na ule wa TIPER huko Kigamboni, Dar es Salaam, mwaka 1966. Mafuta mazito hayana sura moja, kwani hufuata mafuta ghafi yaliyosafishwa na namna yalivyosafishwa. Ndani yake mna chembe nzito ziitwazo asfalteni, ambazo huelea tu kwa sababu kimiminika kinachozizunguka kina asili inayozibeba. Ukichanganya mafuta mazito yenye asfalteni nyingi na mafuta mepesi yenye asili ya nta, kimiminika kile hupoteza uwezo wa kuzibeba. Asfalteni hushikana na kutua kama tope jeusi. Mafuta yote mawili yalikuwa mazuri yalipokuwa peke yake. Ubaya umezaliwa na mchanganyiko, na hakuna kiasi cha kupasha moto kitakachoyeyusha tope hilo.

Mabaharia wana kipimo rahisi cha kulitambua tatizo hili kabla halijaingia kwenye injini. Mafuta mawili huchanganywa kwenye chupa kwa uwiano utakaotumika tangini, hupashwa moto na kutikiswa, kisha tone moja hudondoshwa kwenye karatasi maalumu inayonyonya na kuachwa likauke kwenye oveni. Tone likikauka kwa rangi moja kutoka katikati hadi ukingoni, mchanganyiko unafaa. Pakitokea duara jeusi katikati lenye ukingo uliokatika wazi, asfalteni zimeanza kujitenga, na mafuta hayo hayapaswi kukutana. Doa hilo dogo limeokoa meli nyingi kuliko vifaa vya gharama kubwa.

Dizeli ilianza kuingia kwenye njia kuu za Afrika Mashariki mwaka 1960, kwa vichwa vilivyojengwa na English Electric ya Uingereza. Kwenye maziwa mwendo ulikuwa huohuo. Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika iliyojengwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ilitolewa mtambo wake wa mvuke katika miaka ya 1970 na kutiwa injini za dizeli. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Treni za Voi zikaacha kuvuka kwenda Moshi, na mkoa ukarudi kuitegemea Tanga na Dar es Salaam chini ya Shirika jipya la Reli Tanzania. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 zama za mvuke zilikuwa zimefika mwisho.

Dizeli ni mafuta safi, lakini usafi wake una makali. Huyeyusha na kulegeza uchafu ulioganda miaka mingi kwenye kuta za matangi na mabomba yaliyowahi kubeba mafuta mazito. Tangi la zamani likijazwa dizeli bila kusafishwa, wiki za kwanza filta huziba mara kwa mara, na fundi asiyejua chanzo hulaumu dizeli. Suluhisho ni la jasho: tangi lifunguliwe, watu waingie na kukwangua hadi chuma kionekane, baada ya hewa yenye sumu kutolewa kabisa. Mafundi wa karakana za reli na wa bandari wameifanya kazi hiyo.

Kwenye meli zinazobeba aina zote mbili za mafuta na kuzibadilisha zikiwa safarini, hatari iko kwenye joto. Mafuta mazito hupashwa hadi karibu nyuzijoto 130 au zaidi ili mnato wake upungue yaweze kupita kwenye nozeli. Dizeli haihitaji joto hilo, na ikipitishwa kwenye mabomba yenye moto huo inakuwa nyepesi mno au hata kugeuka mvuke, pampu zikabaki zikisukuma hewa. Upande wa pili, dizeli baridi ikiingia ghafla kwenye pampu iliyopanuka kwa joto, ganda la nje hupoa na kujikunja likaibana plunja iliyo ndani, na pampu inakwama. Kwa hiyo mabadiliko hufanywa polepole, kwa kawaida bila kuzidi nyuzijoto 2 kwa dakika, na hukamilishwa meli ikiwa bado kwenye maji mapana, kabla ya kuingia kwenye mlango wa bandari ambako injini ikizimika hakuna nafasi ya kusahihisha.

Tarehe 1 Januari 2020 sheria ya kimataifa ilipunguza salfa inayoruhusiwa kwenye mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Wauzaji walianza kutengeneza michanganyiko mipya ya mafuta yenye salfa kidogo, kila mmoja kwa njia yake, na lile tatizo la asfalteni lililojulikana tangu zamani likarudi kwa nguvu. Meli iliyojaza mafuta bandari moja ikakuta hayapatani na yale ya bandari ya pili, ingawa karatasi za vipimo zilionyesha yote ni halali. Mafundi walirudi kwenye kanuni ya mabaharia wa zamani: mafuta mapya yasimiminwe juu ya ya zamani, kila shehena ikae kwenye tangi lake.

Barabara za Moshi zilikuwa na mkasa wao wa mafuta kukutana na mafuta, ila huu ulitokana na tamaa. Kwa miaka mingi mafuta ya taa nchini yalitozwa kodi ndogo ili wananchi wa kawaida wamudu kuwasha kandili na jiko, huku dizeli ikitozwa kodi kubwa. Tofauti hiyo ilizaa uchakachuaji. Mafuta ya taa yalichanganywa na dizeli au petroli na kuuzwa kwa bei ya juu, na wenye mabasi, malori na mashine za kusaga wakalipa gharama. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi vyuma kama dizeli. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, kwa hiyo ikipewa mchanganyiko huo vyuma husagana, plunja hupata michubuko, na injini hupoteza nguvu kwenye milima ya Marangu au Kibosho kabla ya kufa kabisa. Gari haliharibiki siku lilipojazwa mafuta hayo. Huharibika wiki au miezi baadaye, na mwenye gari hana la kumwonyesha muuzaji.

Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianza kutia alama maalumu ya kikemikali kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi, ili mkaguzi akichota sampuli kituoni aone kama alama imepungua kwa kuchanganywa. Dawa iliyokata mzizi ilikuja kwenye bajeti ya mwaka 2011, ushuru wa mafuta ya taa ulipopandishwa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita na ule wa dizeli kupunguzwa. Faida ya kuchakachua ilitoweka. Ni haki kusema pia kwamba mzigo uliangukia kaya za vijijini zilizokuwa bado zinatumia kandili, na hazikuwa zimemchakachulia mtu yeyote.

Kuanzia mwaka 2015 viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vilishusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Hewa ilipata nafuu, lakini injini kuukuu zilionja tena tabu ya mpito. Mchakato wa kuondoa salfa huondoa pia baadhi ya viambata vinavyoipa dizeli ulaini, na wasafishaji hulazimika kuongeza dawa ya kuurudisha. Oringi na sili za mpira zilizovimba kwa miaka mingi ndani ya dizeli ya zamani zinaweza kusinyaa zinapokutana na dizeli mpya, na pampu ikaanza kuvuja ingawa hakuna aliyeigusa. Fundi anayejua hubadilisha sili zote kwa mkupuo mmoja na kuweka filta mpya, kisha filta nyingine baada ya muda mfupi, bila kusubiri gari lizime njiani. Ushauri huo unamfaa mwenye lori la ndizi kama unavyomfaa mwenye boti.

Reli yenyewe ililala kwa miaka mingi, magugu yakaota katikati ya mataruma. Treni ya mizigo ilirudi Moshi mwaka 2019, ya abiria kutoka Dar es Salaam ikafuata Desemba mwaka huohuo, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Reli mpya ya umeme imekuwa ikibeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024, lakini njia ya Tanga, Moshi na Arusha bado ni ileile ya upana wa mita moja, na vichwa vyake vinatumia dizeli inayoshushwa bandarini.